Lamduan na Jiwe Lililokwama

Saa moja asubuhi, pikapu ya Lamduan iliingia kijiji cha Nong Phai. Kila mtu alijua, maana kipaza sauti kilifika kabla ya gari.

"Nyanya! Pilipili! Kambale wa leo, wanapumua kunishinda mimi!"

Pikapu ilikuwa imefungwa vyuma juu na pembeni. Kwenye vyuma ilining'inia mifuko ya plastiki, kila mmoja umefungwa kwa mpira: biringanya, vichipukizi vya mianzi, maini ya nguruwe, tofu, hata shampuu. Lamduan alikuwa na miaka hamsini na miwili. Alizunguka vijiji tisa kila siku, na wanawake wa vijiji vyote walimpenda kwa maneno yake kuliko hata kwa mboga zake.

Ilikuwa mwezi wa Aprili. Jua la huko kaskazini mashariki ya Thailand lilichoma tangu asubuhi. Lamduan alitokwa na jasho hadi blauzi ikamganda mgongoni. Lakini maji hakunywa.

"Dada, kunywa hata glasi moja," mteja mmoja alimwambia.

"Maji yanataka choo," Lamduan alijibu. "Na choo changu kiko nyumbani, vijiji tisa kutoka hapa!"

Wanawake walicheka. Yeye naye alicheka. Mchana alikula wali wa kunata na saladi ya papai bichi, akiwa ameketi nyuma ya usukani. Saladi yake aliitaka na chumvi nyingi, na samaki wa kuchachusha kwa wingi. Baada ya hapo alimeza funda moja la maji, akaendelea na safari. Miaka kumi na minne aliishi hivyo.

Siku ya Ijumaa alikuwa anampimia samaki Buaphan. Buaphan alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, mwanamke mwembamba mwenye miwani. Ghafla Lamduan aliachia mizani. Maumivu yalimshika kiunoni upande wa kushoto, yakashuka mbele hadi kwenye kinena. Alijaribu kusimama, akashindwa. Alijaribu kukaa, akashindwa. Akatapika kando ya gurudumu.

"Ni gesi hiyo," alisema mwanamke mmoja.

"Labda ni mimba!" alisema mwingine.

"Mimba ya nani, na mume wangu anaongea na ng'ombe tu?" Lamduan alisema huku akiuma meno.

Wote walicheka isipokuwa Buaphan. Alimshika mkono.

"Dada, maumivu haya yalishawahi kuja?"

"Mara mbili, mwezi uliopita. Yakaondoka yenyewe."

"Na mkojo wako una rangi gani?"

Lamduan alinong'ona. "Siku zote kama chai. Leo una wekundu."

"Unasikia homa? Unatetemeka?"

"Hapana. Jasho tu."

"Nadhani una jiwe kwenye figo, na sasa limeanza kutembea. Twende zahanati."

"Na samaki hawa nimwachie nani? Baadaye, mdogo wangu, baadaye."

Maumivu yalipopungua kidogo, alipanda gari akaondoka. Lakini siku hiyo kipaza sauti hakikusema kitu.

Alasiri Buaphan alimfuata nyumbani. Alimkuta amelala kwenye jamvi, na mumewe Khampun ameketi karibu naye akimpepea. Khampun alikuwa mtu mpole, mfugaji wa ng'ombe wanne, asiyependa kuongea mbele za watu. Juu ya meza palikuwa na chupa ya dawa ya mizizi, pakiti ya vidonge visivyo na jina, na bia mbili.

"Hii bia ni ya nani?" Buaphan aliuliza.

"Rafiki yangu anasema bia inasukuma mawe," Khampun alisema kwa aibu.

"Bia mpe rafiki yako. Na vidonge hivi visivyo na jina msimpe mtu yeyote. Hatujui vina nini, na vingine huharibu figo." Kisha akamgeukia Lamduan. "Dada, niambie kweli. Unaogopa nini?"

Lamduan alijiinua akaketi. Kisha akasema, "Baba yangu alikuwa na jiwe. Walimpasua. Kovu lilianza mgongoni likaja mpaka hapa tumboni. Miezi mitatu hakuinua hata ndoo. Mimi nikilala miezi mitatu, gari litaendeshwa na ng'ombe?"

"Baba yako alipasuliwa mwaka gani?"

"Nilikuwa darasa la pili."

"Basi ni zaidi ya miaka arobaini! Siku hizi ni watu wachache sana wanaopasuliwa hivyo. Njoo usikie kwa masikio yako. Ukishasikia, ukikataa, sitakusumbua tena."

Jumatatu walikwenda. Zahanati ilimpima mkojo, ikamwandikia barua ya kwenda hospitali ya mkoa. Kadi yake ya bima ya afya ilitosha. Hospitalini walimpiga picha za figo, kisha wakamwambia asubiri kwenye korido.

Pale kwenye benchi alikaa mama mmoja mnene, mfumaji wa hariri, jina lake Chanthi.

"Umeletwa na jiwe?" Chanthi aliuliza.

"Wanasema hivyo."

"Langu lilikuwa kubwa kama yai la kware! Walinitoboa tundu dogo mgongoni, wakalivunja ndani kwa ndani, wakalitoa. Nililala hapa siku nne. Leo ni wiki ya tatu, nimekuja kuangaliwa tu." Bila kuulizwa, alivuta blauzi. "Ona."

Lamduan alitazama. Kovu halikuzidi kifungo cha shati.

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu. Mume wangu alitaka kuliona jiwe. Nikamwambia, lione vizuri, ndilo lililokuwa likinifanya nikugombeze!"

Daktari aliyewaita alikuwa mwanamke kijana aitwaye Siriphan. Aliwaonyesha picha kwenye kompyuta. Lamduan, Khampun na Buaphan walisogeza vichwa pamoja.

"Hii ni figo," daktari alisema. "Huu ni mrija unaoshusha mkojo hadi kwenye kibofu. Na hapa juu ya mrija, jiwe limekwama. Mkojo ukishindwa kupita, figo inavimba. Ndiyo maana unaumwa."

"Ni kubwa?"

"Milimita tisa. Kama punje ya hindi. Jiwe dogo, la milimita nne kwa mfano, mara nyingi hutoka lenyewe kwa maji na dawa. Hili lako sitegemei litoke lenyewe."

Lamduan alisema, "Mwanangu daktari, sema tu. Kisu kirefu kiasi gani?"

"Hakuna kisu, mama."

"Hakuna?"

"Kuna njia mbili zinazokufaa. Ya kwanza ni mashine inayopiga mawimbi kutoka nje ya mwili. Unalala juu ya meza, mashine inalenga jiwe, inaligonga taratibu mara nyingi hadi linavunjika. Vipande unavitoa kwa mkojo. Unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ya pili, tunakulaza kwa dawa ya usingizi, tunapitisha kamera nyembamba kwenye njia ya mkojo, tunalivunja jiwe kwa leza. Hapo tunaweza kuacha mrija laini ndani kwa siku kadhaa. Unasumbua kidogo, unakufanya uende chooni mara kwa mara, kisha tunautoa."

"Ipi ni nzuri zaidi?"

"Leza mara nyingi humaliza kazi kwa mara moja. Mawimbi ni mepesi zaidi kwa mwili, lakini huenda ukahitaji kurudi mara ya pili."

"Na figo? Mtaitoa?"

"Figo yako ni nzima, mama. Tunaondoa jiwe ili ibaki nzima. Ukilichelewesha, hapo ndipo inaweza kuharibika."

Lamduan alimtazama mumewe. Khampun alisema polepole, "Chagua wewe. Gari nitaendesha mimi."

"Wewe? Utapiga kelele?"

"Nitajaribu."

"Basi nipeni mawimbi," Lamduan alisema.

Daktari alihakikisha kwanza kwamba mkojo hauna maambukizi, na kwamba Lamduan hatumii dawa za kuzuia damu isigande. Kisha akampangia siku.

Siku hiyo walimpa dawa ya maumivu, wakamlaza juu ya meza yenye mto wa maji mgongoni. Mashine ilianza kugonga. Ta. Ta. Ta. Lamduan alifumba macho akisubiri kifo. Kifo hakikuja.

"Unasikiaje, mama?" muuguzi aliuliza.

"Kama mtoto mtukutu ananichapa kwa mpira wa kufungia mifuko," alisema. Baada ya muda akauliza, "Hamna redio humu?"

Baada ya karibu saa moja alishuka mezani. Wakamweleza kwamba mkojo unaweza kuwa mwekundu siku moja au mbili, na kwamba ngozi ya mgongoni inaweza kuvilia damu kidogo. Lakini akipata homa, akitetemeka, au mkojo ukikataa kutoka, arudi siku hiyo hiyo bila kungoja. Wakampa chujio dogo la kunasa vipande.

Khampun alizunguka na pikapu. Huko Nong Phai alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Jamani," alinong'ona. "Kuna nyanya."

"Shemeji, unauza au unatongoza?" wanawake walipiga kelele. Walicheka mpaka wakanunua kila kitu. Kabichi zote ziliisha.

Wiki mbili baadaye picha ilionyesha kwamba nusu ya jiwe ilikuwa imetoka. Nusu ilibaki. Lamduan alikasirika. "Lina kichwa kigumu!"

"Nilikuambia huenda ukarudi," daktari alisema. "Lipigwe tena?"

"Lipigwe!"

Walilipiga tena. Safari hii vipande vilishuka kama mchanga. Viliuma kidogo vilipopita, na Lamduan alikitukana kila kimoja. Alivipeleka hospitali kwenye kichupa. Picha ya mwisho ikawa safi. Figo haikuwa imevimba tena.

"Sasa kazi ni yako," daktari Siriphan alisema. "Mtu aliyepata jiwe mara moja hupata tena kwa urahisi. Kunywa maji lita mbili na nusu, hata tatu kwa siku ya jua kali. Mkojo ukiwa mweupe kama maji, umekunywa vya kutosha. Ukiwa kama chai, ongeza. Punguza chumvi na samaki wa kuchachusha. Kamua ndimu kwenye maji, inasaidia."

"Lita tatu!" Lamduan alisema. "Na choo?"

Jibu alikuwa nalo Buaphan. Jioni hiyo alipiga simu kwa wahudumu wa afya wenzake wa vijiji vile. Asubuhi Lamduan alipoingia Nong Phai, wanawake walikuwa wanabishana.

"Atumie changu, kina vigae vipya!"

"Changu kiko karibu na barabara!"

"Nitatumia vyote," Lamduan alisema. "Kimoja leo, kingine kesho. Msigombane kwa ajili ya mkojo wangu."

Tangu siku hiyo aliweka chupa kubwa mbili za maji kando ya usukani. Alikunywa kila alipofika kijiji kipya, kabla hajafungua mdomo kunadi. Saladi ya papai aliila bado, lakini kwa kijiko kimoja cha samaki wa kuchachusha badala ya vitatu. Mwanzoni alinung'unika kwamba haina ladha. Baada ya mwezi alizoea.

Mwezi wa Agosti, katika kijiji cha sita, mzee Sawaeng, mtengenezaji wa baiskeli, alikuja kwenye gari. Hakununua kitu. Alisimama akiwa ameegemea mlango, mkono kiunoni, uso umelowa jasho.

Lamduan alizima kipaza sauti. "Mzee, maumivu yanashuka mpaka kwenye kinena?"

Mzee alishtuka. "Umejuaje?"

"Unatetemeka?"

"Tangu jana. Nina baridi mwilini."

"Hiyo haisubiri. Panda mbele."

"Watanipasua!"

"Mimi mbona hawakunipasua? Panda, usinicheleweshee samaki."

"Nimevaa kaptura chafu."

"Daktari haoni kaptura, anaona figo. Panda!"

Alipanda. Lamduan aliwasha tena kipaza sauti, na pikapu ikaondoka mbio huku biringanya zikigongana. "Nipisheni! Nyanya zitarudi baadaye! Nina mgonjwa!"

Zahanati haikumchelewesha, ilimpeleka hospitali kwa gari la wagonjwa. Figo yake ilikuwa imeziba na kushikwa na vijidudu. Madaktari walimpa dawa, wakampitishia mrija wa kutoa mkojo siku hiyo hiyo. Jiwe lenyewe walisema litasubiri mpaka homa iishe.

Siku ya nne Lamduan alimtembelea wodini. Mzee alikuwa ameketi kitandani, macho yamechangamka, anagombana na muuguzi.

"Wananinywesha maji kama nyati!" alilalamika. "Glasi baada ya glasi!"

"Homa iko wapi?"

"Imeondoka."

"Na kisu?"

Mzee Sawaeng alijishika ubavu, akatabasamu. "Wanasema ni leza. Jumanne."

Lamduan alijaza glasi, akamkabidhi. Kisha akajimiminia na yeye.