Marahaba ya Kwenye Simu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Adela alifagia uwanja, akawamwagia kuku pumba, kisha akapita dirishani kwa babu yake na kuita, "Shikamoo, Babu!" Tangu babu huyo, Mzee Kajetani, afariki, dirisha lile lilifunguliwa na mkewe, Bibi Aurelia, ili kuingiza hewa tu.

Asubuhi moja, ufagio mkononi, Adela alisikia babu akikohoa ndani. Kikohozi kilekile cha ugoro! Kesho yake akakisikia tena. "Naingia wazimu," aliwaza kwa hofu. Uji ukamshinda, na darasani akawa yupo hayupo. Bibi akimuuliza habari, anajibu, "Nzuri."

Shangazi Leticia, waliyeishi naye hapo Songea mjini, alikuwa na simu yenye programu ya akili mnemba. Adela akaiazima, akajibanza nyuma ya jiko. Kitu kinachojua mambo mengi hivyo hakianzwi hivihivi, kwa hiyo akaandika, "Shikamoo."

"Marahaba," ikajibu.

Moyo ukamtulia kidogo. Akaeleza yote. Programu ikamwambia kwamba watu wengi waliofiwa husikia sauti ya mpendwa wao, na kwamba hilo peke yake si wazimu. "Lakini mimi sikuoni," ikaongeza. "Mwambie leo mtu mzima unayemwamini."

Adela akanuna, akasema kwa sauti, "Nimwambie nani? Bibi ana majonzi yake!"

"Majonzi gani hayo?" Bibi alikuwa amesimama nyuma yake na mwiko mkononi. Akataka asomewe. Waliposoma ile marahaba, akaangua kicheko.

"Lina umri gani hili, hata likuitikie marahaba? Anayeitikia ni mzazi wako. Hili litakupikia uji? Litakufunika blanketi?"

Adela akaendelea kusoma. Alipofika kwenye kikohozi, akaishusha simu. Bibi akaketi chini kando yake.

"Na mimi namsikia," akasema polepole. "Kila nikifungua dirisha. Nilinyamaza nisikutishe, kumbe tunafichana!"

Wakakumbatiana, wakalia mpaka ugali ukaungua.

Siku chache baadaye Bibi alimpeleka kwa mwalimu wa ushauri nasaha, aliyewasikiliza wote wawili. Adela akaanza tena kukomba sufuria.

"Simu haikukudanganya," Bibi alimwambia njiani wakirudi kutoka kwa mwalimu. "Iulize, mjukuu wangu. Ila jambo la moyo usiliache humo. Lilete kwa watu wako."

Asubuhi iliyofuata Adela alipita dirishani. "Shikamoo, Babu!"

"Marahaba!" Bibi akaitikia kutoka ndani. "Nampokelea. Haya, njoo unywe uji."