Mfuko Usionywea

Murdo wa kisiwani Uist hakuwa mtu wa kuombewa huruma. Lakini tangu amzike mkewe, Peigi, alikuwa akizungumza na birika la chai, na mtu akifika hapo, jamani, maji yamemfika shingoni. Ndiyo maana jirani yake Ranald alipomwambia, "Njoo upige zumari nasi Jumamosi, mzee mwenzangu, la sivyo utaota kuvu humu ndani," alikubali. Zumari yake ya mfuko ilikuwa imeliwa na wadudu. Akaenda kwa bibi Effie, aliyekuwa akiuza mbili.

Ya kwanza ilikuwa na pete za fedha. Ya pili nyeusi tupu. Murdo akazipuliza zote. Ya fedha ilipiga kelele. Nyeusi ikavuma kwa upole, mabomba yake matatu yakitoa sauti moja, naye hakutaka kuiweka chini.

"Chukua ya fedha, mdogo wangu," Effie alisema. "Hiyo nyeusi ilikuwa ya kaka yangu Calum."

"Aliyezama baharini?"

"Hatukumwona tena. Naye alikuwa hapendi kukaa peke yake."

"Basi tumefanana, dada," Murdo akajibu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Akanunua ile nyeusi. Nyumbani alitupa mfuko wa zamani wa zumari hiyo, uliochakaa, akafunga mpya wa ngozi ya kondoo kwa uzi wenye nta. Akaziba matundu yote kwa vizibo, akaacha mrija wa kupulizia tu, wenye kilimi kinachoingiza pumzi na kuizuia isitoke. Akaujaza, akauweka juu ya kiti cha Peigi. Kila mpigaji hufanya hivyo kuupima mfuko mpya. Mfuko mzuri hunywea kidogo kidogo. Mbovu hunywea mara moja.

Asubuhi haukuwa umenywea. Ulikuwa umejaa zaidi.

Murdo akaubonyeza. Mgumu kama goti. Mrija ulikuwa umelowa mate. Akaufuta kwa kidole, akaonja bila kufikiri. Chumvi.

Mwingine angekimbia. Murdo alisimama pale, na chini ya woga kulikuwa na kitu cha aibu: furaha. Kuna mtu alikuwa amepumua ndani ya nyumba yake. Akatoa kikombe cha pili, akamimina chai, akakiweka kando ya kile kiti.

"Haya," akanong'ona. "Kaa."

Chai ikaanza kupungua.

Jumamosi wapigaji wenzake walimsubiri barabarani na zile sketi ambazo wanaume wa huko huvaa wakipiga zumari, wakipigwa na upepo. Ranald akaenda kumwita. Mlango ulikuwa wazi. Vikombe viwili mezani, vyote bado vina joto. Maji yalikuwa yamedondoka kutoka kitini hadi kizingitini. Viatu vya Murdo vilikuwa mahali pake. Mfuko ulikuwa juu ya kiti, umejaa.

"Murdo?" akaita, kwa sauti ya chini.

Akavuta kizibo kimoja. Hewa ikatoka taratibu, ina tumbaku ya Murdo, ina harufu ya kinywa chake, ambayo Ranald aliijua kwa miaka ya kukaa naye bega kwa bega. Akakirudisha kizibo upesi, kwa mikono miwili, kama mtu anayeziba jeraha.

Zumari ile iko kwa Ranald hadi leo. Haipigwi. Kila asubuhi anaubonyeza mfuko kwa kidole kimoja, polepole.

Bado haujanywea.