Samaki wa Mwisho wa Mzee Fatehali

Saa nane kasorobo mchana, Jumamosi ya pili ya Novemba, Mzee Fatehali Jessa alijishika koo kwa mikono miwili akiwa mezani. Ilikuwa katika mkahawa wa samaki wa Kireno wa Bwana Albano, Rogers Road, Toronto. Uso ulimvimba na midomo ikawa ya zambarau. Mkamwana wake Shafina, ambaye ni mfamasia, alimlaza sakafuni na kupiga kelele iletwe sindano ya dharura ya mzio iliyokuwa kwenye koti la mzee. Mwanawe Ehsan, mume wa Shafina, alipekua mifuko yote minne. Sindano haikuwemo. Gari la wagonjwa lilifika baada ya dakika tisa, na mzee alikuwa ameshakata roho. Kwenye sahani yake ilibaki mifupa ya changu na viazi viwili.

Kesi alipewa Mpelelezi Philomena Rutashobya kwa sababu moja ya kivivu: mashahidi karibu wote walizungumza Kiswahili, na yeye alizaliwa Bukoba. Faili la hospitali lilikuwa fupi. Fatehali, miaka sabini na mitatu, mzaliwa wa Singida. Presha, maumivu ya goti la kulia, mzio wa kamba wa baharini na wa penisilini. Alifiwa na mkewe Desemba iliyopita.

Mzio wa kamba, mkahawa wa samaki. Mkuu wa Philomena aliona kesi imejimaliza yenyewe. Jikoni, mlangoni pa jokofu, ilibandikwa karatasi ya Bwana Albano kwa herufi kubwa: MEZA YA SITA, KAMBA MARUFUKU. Mpishi aliiona kila siku, na mteja amekufa. Hiyo ni kuua kwa uzembe.

Mpishi aliitwa Dismas, mtu wa Kondoa, miaka thelathini na minne. Jumapili asubuhi aliketi mbele ya Philomena na macho mekundu.

"Ulimpikia kwenye kikaango kipi?"

"Chake, afande. Kipo cha peke yake. Na samaki wake hupelekwa kwanza mezani akiwa mbichi na magamba yake, mzee amwone kwa macho. Washia hawali samaki asiye na magamba. Akishakubali, ndipo namparua."

"Basi kamba waliingilia wapi?"

"Walikuwa wanakaangwa hatua moja kutoka pale. Labda mafuta yaliruka. Labda ni mkono wangu. Juzi ningekuapia kwamba hapana. Leo sijui. Nimempigia mama yangu simu. Nimemwambia nimeua mtu."

"Nani kakwambia umeua?"

"Yule mtoto wake, pale pale, mbele ya wateja. Na mimi nikajiuliza, kama si mimi ni nani? Alhamisi saa nne naenda kuandikisha kwamba ni mimi. Wakili anasema nisubiri. Nisubiri nini, dada?"

Philomena alirudi ofisini amekasirika, na hasira zake hazikuwa za kipolisi hata kidogo. Amewaona watu wa aina hii maisha yake yote: mnyonge ambaye akisukumiwa mzigo anauinamia mwenyewe. Alijipa hadi Alhamisi saa nne.

Jumatatu jioni maabara ilitoa majibu. Mzee alikufa kwa mzio, hilo halikuwa na ubishi. Lakini ndani ya samaki, viazi, kabichi na mafuta ya zeituni hakukuwa na chembe ya kamba. Mkuu aliinua mabega na kusema chembe ndogo hupotea. Philomena akachukua koti lake, akaenda kwa Wema, msichana wa Moshi anayesoma chuo na kuhudumu mezani kwa Albano.

"Nianzie walipoketi," alimwambia.

"Saa saba kasoro dakika kumi. Meza ya sita, ile ambayo hatuiwekei glasi za mvinyo. Yule dada Shafina akamvua mzee koti, akalitundika. Huwa anamtunza kama mtoto mdogo. Nikaleta samaki, mzee akamkagua, akaitikia kwa kichwa. Chakula kilipofika wakaonja chumvi, wakaanza kula."

"Wakaonja nini?"

"Chumvi. Wote watatu." Wema alichovya kidole hewani na kukigusisha ulimini. "Kabla ya kula, na wakimaliza. Ndiyo desturi yao, ina thawabu. Bwana Albano huwawekea kibakuli chao."

Philomena alikua na majirani Waislamu kushoto na kulia, na hakuwahi kuona jambo hilo. Aliweka kalamu mezani.

"Jumamosi walionja mara ya pili?"

"Ndiyo. Nilikuwa nimesimama na sahani za meza ya tano. Mzee akaonja, na wenzake pia. Dakika nne, tano hivi, akajishika koo."

"Katikati ya mlo, kuna aliyeachwa peke yake na kile kibakuli?"

Wema alifikiri. "Bwana Ehsan alitoka nje kupokea simu, na mzee akaenda kunawa, shati lilirukiwa mafuta. Dada akabaki peke yake. Kisha Bwana Ehsan akarudi, dada naye akaenda msalani, kwa hiyo huyu pia alibaki peke yake. Kila mmoja kama dakika tatu."

Usiku huohuo Philomena alifungua kabati la vielelezo. Askari wa zamu alikuwa amefungasha kila kitu kilichokuwa juu ya meza, lakini maabara walipelekewa chakula tu. Kibakuli cha chumvi, mfuko namba kumi na moja, hakikuguswa. Nani anahesabu chumvi kuwa chakula? Alikituma, pamoja na vitambaa vya karatasi vilivyokuwa mezani. Majibu yangetoka Jumatano.

Jumanne saa tatu asubuhi alikuwa Vaughan, nyumbani kwa kina Ehsan. Aliomba kuzungumza na kila mmoja peke yake. Ehsan aliletwa Toronto akiwa na miaka sita, na Kiswahili chake kilikuwa cha kusikia zaidi kuliko kusema.

"Chumvi ya mwisho, uliionja?"

"Yes. I mean, ndiyo. Ilikuwa chungu. Nilitema kwenye karatasi. Nikadhani labda limau, labda dawa ya kuoshea vyombo."

"Na baba yako?"

"Baba hatemi kitu kama hicho. Kwake yeye, that's worship, ibada." Alijifuta macho kwa kiganja. "Kwa nini unauliza chumvi? Mpishi amekiri, no?"

"Bado. Majirani wanasema Alhamisi iliyopita uligombana na mzee mpaka sauti zikafika barabarani."

Ehsan alizungusha pete kidoleni. Philomena alimtazama na kumwona jinsi mshukiwa anavyoonekana: mikono haitulii, macho yanakwepa. Kama ingekuwa ni kukisia, angemfunga pingu saa ileile.

"Ni kuhusu Mama," Ehsan alisema mwishowe. "Baba alikuwa na kichupa cha dawa yake ya moyo. Kila siku anakishika, anasoma lebo, anahesabu vidonge. Mama died, moyo ulichoka. Nilimwambia aache, atatuvunja wote. Akaniambia, wewe hujui, mwanangu, ngoja."

"Kichupa kiko wapi?"

Kilikuwa kwenye droo ya mzee, chini ya tasbihi. Philomena alikitia mfukoni na kwenda kwa Shafina sebuleni.

Shafina alikuwa mwanamke mpole wa miaka arobaini na mitano, hijabu nyeusi, chai mbele yake haijaguswa. Alijibu kila swali bila kusita.

"Bi Shafina, na wewe ulionja chumvi mwisho wa chakula?"

"Sijawahi kuacha tangu nina miaka saba."

"Ilikuwa na ladha gani?"

"Chumvi ni chumvi, dada. Ilikuwa nzuri, ya mawe. Wareno wanaijua chumvi." Alitabasamu kwa huzuni. "Masikini Baba, aliipenda sana ile ya pale."

Jumatano saa nne asubuhi majibu yalifika. Thuluthi ya chumvi iliyobaki kibakulini ilikuwa penisilini iliyosagwa. Kwenye karatasi moja iliyokunjwa kulikuwa na mate ya Ehsan, yamechanganyika na unga uleule. Saa sita mchana daktari wa marehemu Kulsumbai, mke wa mzee, alithibitisha jambo la pili: dawa aliyoandika si ile iliyokuwa ndani ya kichupa. Vidonge vya kichupani vilikuwa vikali mara nne. Philomena alipata hati ya upekuzi, na askari wawili wakaenda kwenye duka la dawa lililotajwa kwenye lebo ya kichupa, Dixon Road.

Saa tisa alasiri mkahawa ulifungwa. Philomena aliwaketisha Ehsan na Shafina meza ya sita, kila mtu pale alipokaa Jumamosi. Kiti cha mzee kilibaki wazi. Bwana Albano alisimama nyuma ya kaunta, ameshika kofia yake.

"Mzee hakuuawa na samaki," Philomena alianza. "Aliuawa na chumvi. Chumvi ya kwanza ilikuwa safi, maana aliionja akala karibu nusu saa bila neno. Ya pili ilikuwa na penisilini. Iliwekwa katikati ya mlo, na mtu anayejua mambo mawili: mzio wa mzee, na kwamba mzee hatainuka mezani bila kuonja tena. Jikoni hawakuujua mzio wa penisilini. Karatasi yao inasema kamba tu. Mnabaki ninyi wawili."

"Mimi nilitema!" Ehsan alisema. "Nilikwambia ilikuwa chungu."

"Ulisema, na karatasi uliyotemea imethibitisha. Aliyeitia asingeipeleka mdomoni mwake hadi aiteme." Alimgeukia Shafina. "Wewe ulisema ilikuwa nzuri, ya mawe. Bi Shafina, ile chumvi hainyamazi kinywani. Ulichovya kidole, ukakigusisha mdomo uliofumbwa, kwa sababu mumeo angeshangaa ukiacha. Hukujua ladha yake kwa kuwa hukuionja."

"Labda nilichukua kidogo." Sauti yake haikupanda. "Ladha si ushahidi."

"Kweli. Ndiyo maana tumekwenda dukani kwako. Dawa zinazorudishwa na wateja zinakaa kwenye pipa, zinazolewa mara moja kwa mwezi zikateketezwe. Leo mchana pipa lilikuwa halijazolewa. Sindano ya dharura ya Mzee Fatehali imo mle ndani, na namba yake. Uliitoa mfukoni ulipomvua koti. Halafu ukapiga kelele iletwe."

Ehsan alimgeukia mkewe polepole. "Shafi?"

Shafina aliyatazama maua ya kitambaa cha meza. Aliposema, alisema na mumewe tu.

"Ilikuwa Desemba. Foleni mpaka mlangoni, msaidizi anaumwa. Vichupa viwili vinafanana, vimekaa pamoja, nikampa Mama kisicho chake. Nilijua wiki mbili baada ya mazishi, nilipohesabu rafu. Nikanyamaza. Baba akagundua mwezi uliopita. Hakunitukana hata mara moja. Alisema tu, mwambie Ehsan, kisha kawaambie wakubwa wa kazi yako. Sikuweza. Ijumaa akaniambia: kesho chakula kikiisha, nitamwambia mimi."

"Ulimwosha Mama," Ehsan alisema. Kiswahili chake kilitoka kizima, bila kuchanganywa. "Ulimwosha kwa mikono yako. Ulimvisha sanda."

"Nilikosea mara moja, Ehsan. Mara moja katika miaka kumi na tisa."

"Na Jumamosi?" Philomena aliuliza.

"Jumamosi sikukosea," Shafina alisema.

"Na Dismas je?"

Aliinua uso, na kwa mara ya kwanza alionekana haelewi. "Dismas nani?"

"Mpishi."

"Ah." Alirudisha macho kwenye kitambaa. "Nilidhani watamfukuza kazi tu."

Bwana Albano, asiyejua Kiswahili, alilisikia lile jina na kuona nyuso zao. Alivaa kofia, akatoka nje, akasimama barabarani kwenye baridi mpaka walipomtoa Shafina. Ehsan alibaki mezani. Philomena alimwambia kuna ofisa atakayempeleka nyumbani, akajibu hana nyumbani, kisha akaomba radhi kwa kusema hivyo.

Saa kumi na moja Philomena aliketi ndani ya gari lake na kumpigia Dismas. Simu iliita muda mrefu.

"Afande, ni kesho saa nne," Dismas alisema. "Sijasahau. Nimeshaandaa maneno."

"Usiende. Mzee alitiliwa kitu kwenye chumvi, mezani, na mtu wa nyumbani kwake. Amekiri. Chakula chako hakikuwa na kosa lolote. Hukuua mtu, Dismas."



"Niambie tena, dada," Dismas alisema. "Polepole."

Akamwambia tena.