Karatasi Zilizofungia Sambaza

Gloire alikataa kuandika. Alikuwa na miaka tisa, mwaka wa tatu wa shule ya msingi, na mdomo wake ulijua kuhadithia kuliko redio. Lakini akiwekewa daftari mbele, tumbo linamuuma, kalamu ya biki inapotea, au mkojo unambana. Mwezi wa pili mwalimu alimwita baba yake, akamwambia bila kuzunguka: kama hadi mwezi wa sita mtoto hawezi kuandika habari fupi yake mwenyewe, atarudia mwaka.

Baba yake, Marcellin, ni seremala mtaani Kasha. Yeye shule aliiacha mwaka wa nne, na hakutaka binti yake aishie hapo. Basi kila alasiri alimkalisha kwenye benchi la kurandia mbao, miguu ikining'inia, akasimama nyuma yake. Sheria yake ilikuwa moja: daftari liwe safi. Herufi ikipinda, karatasi inachanwa, mtoto anaanza upya.

"Hii herufi inalala kama mulevi," alisema, akachana.

"Papa, nilikuwa karibu kumaliza."

"Karibu kumaliza haiko kumaliza."

Mama wa Gloire, Georgette, muuza sambaza, aliziokota zile karatasi. Samaki wale wadogo walihitaji kufungiwa.

"Endelea tu, papa Gloire," alisema. "Mutoto atakosa daftari, lakini mimi sitakosa karatasi ya kufungia."

Siku moja jirani yao, maman Adélaïde, alinunua sambaza. Huyu alikuwa amefundisha watoto wa mwaka wa kwanza kwa miaka ishirini na saba. Alipofungua samaki wake jikoni, aliona mwandiko wa mtoto. Akasoma. Kesho yake akaingia karakana na ile karatasi mkononi, inanuka samaki.

"Papa Marcellin, nani alipasula hii?"

"Mimi. Iko na makosa."

"Nimeona makosa mbili. Nimeona na maneno kumi na tisa mazuri. Nayo ulipasula."

"Masomo inataka usafi, maman."

"Wewe ulipoanza useremala, siku ya kwanza walikupa mbao nzuri ya libuyu?"

Marcellin akacheka. "Libuyu? Nilikata vipande vya kutupa mwezi muzima."

"Ukikata vibaya, walichoma ile kipande?"

"Hapana. Walinionyesha fasi, pale musumeno ilipindia."

Akasikia alichosema.

Maman Adélaïde alimwita Gloire, akampa biki. "Angalia. Anaifinya kama kuku asikimbie. Mukono inachoka kabla ya mustari kuisha. Tena miguu haina fasi ya kukanyaga. Mutengenezee meza ya kimo chake. Kipande cha ubao, upake rangi nyeusi, aandike kwa chaki fupi. Akikosa anafuta, haogopi. Akizoea, arudi kwenye daftari. Kosa anakata kwa mustari moja, anaendelea."

"Na vidole?" aliuliza Georgette, aliyekuwa mlangoni na beseni lake la sambaza.

"Akamue maji ya nguo, amenye maharagwe, akande unga wa mandazi. Mukono unakomaa. Na mumuulize kama anaona ubao wa darasani. Kama haoni, mumupeleke apimwe macho."

"Naona muzuri, maman," alisema Gloire. "Naona hata mwalimu akisinzia."

"Basi uandike hiyo. Mutoto anayesema hivi asinakili tu maneno ya wengine. Aandike ile anasema. Robo saa kila siku, na muache kabla hajalia." Kisha akamgeukia Marcellin. "Na wewe uandike pembeni yake."

"Mimi?"

"Wewe."

Marcellin angechagua kubeba kabati kichwani hadi Kalehe, kule mbali kando ya ziwa, kuliko kuandika. Kwa miaka mingi hakuandika zaidi ya vipimo. Lakini meza aliitengeneza siku ileile, na kesho yake akaketi kwenye kigoda, magoti karibu na masikio, akaandika. Gloire akachungulia.

"Papa, hii herufi yako iko na miguu ine."

Mkono wa Marcellin ulikwenda kuchana karatasi. Gloire akaweka kiganja juu yake.

"Tunakata kwa mustari moja, papa. Tunaendelea."

Wakaendelea. Kwanza chaki, kisha daftari. Siku nyingine maneno matano, siku nyingine mawili tu. Marcellin hakumsukuma. Mwezi wa tano Gloire alimwandikia bibi yake wa Kalehe kwamba kuku wao alitaga ndani ya kabati la mteja, na papa aliliuza pamoja na yai. Barua ikaenda kwa boti. Jibu likarudi: bibi anauliza kama yai lilikuwa na bei yake.

Mwezi wa sita, kwenye mtihani, Gloire aliandika mistari minane. Miwili ilikuwa na maneno yaliyokatwa. Akapanda mwaka wa nne.

Gharama ya kupanda huko ni hii. Meza moja ya vipande vilivyobaki. Ubao mmoja mweusi. Paketi moja ya chaki. Robo saa kila siku kwa miezi minne. Aibu ya mwanaume mbele ya binti yake, iliyoisha siku ya tatu. Na karatasi thelathini na moja zilizofungia sambaza. Maman Adélaïde alisoma moja. Thelathini hazikusomwa na mtu.