Lango la Pembeni

"Chungu kimeanza kuchemka," sauti ya mkuu wake, waliyemwita Mjomba, ilinong'ona kwenye kipokezi sikioni mwa Siafu.

"Kifuniko?"

"Ni wewe."

Siafu akatimua mbio. Ngazi za chuma za bwawa zililia chini ya buti zake. Risasi ikachubua ukuta. Akageuka, bastola yake ya Glock ikajibu. Mlinzi wa Mshauri akashika goti, akaketi.

Siafu akajifungia ndani ya chumba cha mitambo.

Kiti kilekile alichokalia kaka yake zamu yake ya mwisho. Koti lake bado lilining'inia ukutani. Hakuna aliyethubutu kuligusa tangu mafuriko. Siku ile bonde zima lilizikwa na matope. Tume ikaundwa, ikanywa chai, ikaandika: mvua.

Mvua! Kwa jua lile? Wakubwa husahau upesi. Waliozika hawasahau.

Kwenye skrini, zana mbili zilisubiri kujiwasha saa sita mchana. Moja huwasha kontena za lango kuu, yaani vifurushi vya programu viliendeshavyo. Nyingine, za lango la pembeni. Zote husoma faili moja la vigezo, na humo ndimo mlimoandikwa malango yamtii nani. Mshauri, mgeni aliyelipwa alinde bwawa, alishaandika anwani ya mabwana zake wa ng'ambo, waliotaka malango yafunguke, bonde lizame tena. Kisha akalifunga faili kwa ufunguo wake.

"Halibadiliki, Mjomba."

"Mama yako yuko bondeni, mwanangu."

"Najua mama aliko."

Kaka yake ndiye aliyemfundisha: kilichoandikwa kwenye faili hushindwa na unachoiambia mashine mwenyewe, kwenye dirisha la amri.

Akafungua dirisha la zana ya kwanza, akaandika anwani halali ya bwawa. Zana ya lango kuu ikaipokea.

Akashusha pumzi.

Koti likatikisika. Hakukuwa na upepo.

*Mimi nilisema mara moja tu, mdogo wangu.*

Siafu akaelewa. Siku ile lango kuu halikufunguka kamwe. Maji yalipita pembeni! Kila dirisha lina sikio lake; uliloliambia hili, lile halijui.

Mlango ukagongwa kwa kitako cha bunduki.

"Fungua, binti!" Mshauri alicheka. "Kaka yako naye alikuwa mbishi. Unaona alipofikia?"

Akafungua dirisha la pili, akaandika upya, herufi kwa herufi.

Saa sita.

Mota zikanguruma. Zikanyamaza.

Nje, hakuna tone lililopita.

Akavuta mlango kwa ghafla. Mshauri alikuwa ameinamia simu yake, akibonyeza kama kichaa. Kiwiko kimoja kilimtosha. Siafu akamfunga pingu kwenye reli, uso ukielekea mfereji mkavu wa pembeni.

"Yasubiri maji yako."

"Umewezaje?" Mjomba aliuliza.

"Nimesema mara mbili."

Akarudi ndani, akalitungua koti, akalitupia begani. Likamtia baridi.

Lilikuwa limelowa chapachapa.

Akashuka ngazi taratibu, matone yakimfuata nyuma.