Msalaba wa Ukindu Usiokauka

Ukindu uliobarikiwa haukawii kukauka. Hata Pasaka yenyewe haijafika, misalaba midogo ya majani inayopachikwa juu ya milango imeshageuka rangi ya chai ya maziwa, na mjusi akipita juu yake unamsikia. Kila nyumba ya Kikatoliki mtaani kwa Consolata, pembezoni mwa mji wa Tanga, inalijua hilo. Ndiyo maana alisimama chini ya mlango wa chumba cha binti yake, ufagio mkononi, akakodoa macho. Pasaka ilikuwa imeshapita, masika yamepamba moto, na msalaba wa Blessing ulikuwa mbichi. Akaugusa, ukamwachia majimaji. Akanusa vidole vyake, vikanuka chumvi na marashi ya waridi.

Akajiambia ni unyevu wa mvua. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno, na Consolata alikuwa nayo tele, maana lilikuwapo jambo analolijua ambalo hakumwambia mtu, hata mumewe.

Na jambo hilo lilianza kwa furaha tupu. Kila mwaka, Jumamosi ya kuamkia Dominika ya Matawi, jumuiya yao hukodi gari ikaenda kushinda kwenye vijiji vidogo vya pwani, kule mbele ya Tongoni. Wanawake hupika, watoto huchezea maji, na kabla ya kurudi mjini hukatwa matawi ya mikindu ya kupeleka kanisani. Wengi wao ni wajukuu wa manamba waliokuja kukata mkonge Muheza, na bahari kwao ni ya kutembelewa tu. Katika kijiji cha Chumvini mwenyeji wao alikuwa Miraji, mfanyakazi wa mashamba ya chumvi, mtu wa utani na ukarimu. Utaratibu ulikuwa mmoja miaka yote. Miraji hutangulia akaomba ruhusa kwa wenyewe, na kila mkindu ulioruhusiwa hufungwa kitambaa. Mwenye panga haulizi, akiona kitambaa anakata.

Mwaka huo Miraji aliugua. Aliwaambia kwa simu kwamba vitambaa ameshafunga, vipo njiani kuelekea kisimani. Consolata aliwatangulia wenzake, akaipita mikindu ya njiani, akauona mmoja umejitenga nyuma ya mikoko, makuti yake marefu na mazito. Ulifungwa kitambaa cheupe na kingine chekundu. Chini ya shina palikuwa na chupa tupu ya marashi. Aliiona ile chupa. Aliiona, akaisogeza kwa mguu ili asimame vizuri, akakata kuti lililokuwa zuri kuliko yote. Jioni akalisuka misalaba, mmoja wa nyumba yake na mingine ya majirani wa jumuiya, na kesho yake padre akaibariki pamoja na matawi mengine yote.

Sasa msalaba ulikuwa mbichi, na nyumba ilianza kunong'ona. Kwanza ilikuwa sauti ya makuti yanayosuguana, siku ambayo upepo haupo na hata nguo kwenye kamba zimetulia. Kisha mchanga mwembamba sakafuni mwa chumba cha Blessing, unafagiwa asubuhi na mchana upo. Lucas, mumewe, fundi gereji asiyependa habari za kishirikina, alisema mtoto anarudi na mchanga kwenye viatu. Consolata akaitikia, ingawa shule ya Blessing haina mchanga wa pwani.

Blessing alikuwa kidato cha pili, msichana wa vicheko, akiingia nyumbani unajua kwamba ameingia. Asubuhi moja alivaa sare, akabeba mkoba, akafika mlango wa mbele. Akainua mguu. Akaushusha.

"Mama," akasema taratibu, "mlango umefungwa."

Mlango ulikuwa wazi. Kuku alikuwa anapita palepale kizingitini, akitoka zake nje. Walicheka kwanza, wakidhani ni ujanja wa kukwepa mtihani, hata Lucas akamshika mkono kumvuta. Blessing akalia kilio kilichomfanya baba yake amwachie mara moja, na damu ikamtoka puani. Wakajaribu mlango wa uani, yakawa yaleyale. Lucas akambeba kumpitisha dirishani, na paji la uso la binti yake likagonga mahali pasipo na kitu, na pale pasipo na kitu pakatoa mlio wa ubao.

Tangu siku hiyo hawakucheka tena. Chakula kikimfikia Blessing kilikuwa chumvi, uji chumvi, maji ya kunywa chumvi, akitia mdomoni anatema, na midomo ikaanza kupasuka na kuota weupe pembeni, na Consolata akawa anakaa naye mchana kutwa akimlowesha ulimi kwa kitambaa, huku juu ya mlango makuti yakisuguana, yakinyamaza, yakisuguana, na harufu ya marashi ikizidi mpaka ikawa kwenye shuka, kwenye nywele za mtoto, kwenye sufuria lililooshwa na kuoshwa tena, na kila Consolata alipotoka dukani akirudi alimkuta Blessing amesimama wima kizingitini, mikono imebandikwa hewani kama aliyeegemea ukuta, macho yanaangalia barabara asiyoweza kuifika. Lucas alipopanda kiti aung'oe ule msalaba, Blessing alipiga yowe kana kwamba ananyofolewa nywele, na baba mtu akashuka.

Adhuhuri ya siku hiyohiyo Blessing alizungumza kwa sauti nzito, yenye lafudhi ya wazee wa pwani, lafudhi ambayo hakuna mtu wa nyumba ile aliyekuwa nayo.

"Miye sikuja. Nimeletwa. Nalikuwa nimeketi mtini mwangu, mkaja mkanikata, mkanisuka, mkanifunga kwa maneno yenu. Sasa sina pa kutokea. Nami nisipotoka, hatoki."

Lucas alimgeukia mkewe. Hapo Consolata akaitapika ile habari yote, ya kitambaa chekundu na ya chupa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo kilikuwa kimekaa kitandani kwa mwanawe.

Kesho yake Consolata alifika Chumvini asubuhi na mapema, Miraji akampeleka kwa Bi Asmahani, mganga wa kijiji, ambaye mkindu ule uko chini ya uangalizi wake kama ulivyokuwa kwa mama yake. Consolata akapiga goti, akamwamkia shikamoo. Bibi akaitikia marahaba, akamsikiliza mpaka mwisho huku akipepeta mchele wake.

"Cha Miraji ni cheupe kitupu," akasema. "Chekundu hukukiona, mwanangu?"

"Nilikiona, bibi."

"Na marashi?"

"Niliyaona."

Bi Asmahani aliweka ungo chini. Hakumgombeza, na hilo lilimuumiza Consolata kuliko matusi. Akamweleza kwamba yule mkaa mtini hakuwa mbaya, amekaa pale miaka na miaka hamsumbui mtu. Ila kuti limekatwa naye yumo, kisha likafungwa kwa dua, na dua ni dua. Hawezi kurudi mtini nusu. Kila kipande kilichosukwa kirudi. Msalaba using'olewe, uombwe, apigiwe hodi kama mtu mzima. "Kikibaki kimoja," akamaliza, "hatarudi. Atahamia humo. Umenielewa?"

Alikuwa ameelewa. Akarudi mjini, akasimama chini ya mlango, akapiga hodi, akaomba. Msalaba ukamwangukia kiganjani wenyewe. Kisha akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Kila alipogonga alikuta wenyeji wameshaingiwa na wasiwasi, nao walimpa misalaba yao mibichi haraka haraka, bila maswali, kama mtu anayerudisha kitu kilichomuunguza. Ulibaki wa Beatrisi tu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta.

Beatrisi alimvuta pembeni. Akamnong'oneza kwamba uliponuka hakuthubutu kuutupa, kwa kuwa kilichobarikiwa hakitupwi. Akaupeleka kigangoni, kanisani kwao, akautia kwenye gunia la matawi makavu, lile linalotunzwa stoo hadi yachomwe kupata majivu ya kupakwa Jumatano ya Majivu.

Consolata alikimbia kigangoni. Stoo ilikuwa na kufuli, na ufunguo alikuwa nao Yona, katekista, aliyekwenda Muheza msibani. Simu yake haikupatikana. Akaambiwa atarudi baada ya siku kadhaa, na Blessing hakuwa na siku kadhaa. Ulimi wake ulikuwa umevimba na hakuweza tena kulitamka jina la mama yake.

Mchana huo Consolata alisimama mbele ya mkindu, kikapu cha misalaba mikononi. Bi Asmahani alikuwa ameshatia ubani kwenye chetezo, moshi unapanda.

"Vyote vimerudi?"

Aliwaza juu ya gunia. Akawaza midomo ya mwanawe.

"Vyote, bibi."

Bibi akaanza kusoma dua. Misalaba ikafumuliwa mmoja mmoja, majani yakafungwa shinani kwa kitambaa kipya, marashi yakamwagwa. Kabla moshi haujaisha, simu ya Consolata ikaita. Ilikuwa Lucas, analia na kucheka kwa pamoja. Blessing ametoka. Yuko uani, anakunywa maji bombani kwa viganja. Consolata akaketi mchangani palepale, akalia mpaka akachoka.

Yona aliporudi, Consolata aliomba kuliangalia lile gunia. Akalimwaga lote sakafuni. Matawi yote yalikuwa makavu, hakuna hata jani moja bichi, wala halikunuka chochote ila vumbi. Alishukuru Mungu, akarudi nyumbani, akalala usingizi ambao hakuwa ameulala tangu Pasaka. Miezi ikapita. Blessing akanenepa, akaanza tena kugongesha milango.

Jumatano ya Majivu walikwenda misa ya alfajiri, wote watatu, wakakaa katikati. Kanisa lilijaa hadi nyuma. Waumini wakajipanga, padre akawapaka majivu pajini mmoja mmoja kwa maneno ya kila mwaka. Zamu ya Consolata ilipofika, kidole cha padre kilikuwa baridi, na majivu yakamteleza hadi kwenye nyusi, yamelowa. Akayagusa, akanusa vidole vyake.

Alitaka kusema kitu. Lakini Lucas alikuwa ameshapakwa, na Blessing, na Beatrisi, na Yona mwenyewe, na watoto wa Komunyo ya kwanza waliovaa soksi nyeupe. Akarudi kwenye benchi, akamshika Blessing mkono, akasubiri misa iishe. Baraka ikatolewa. Milango mikubwa ya kanisa ilikuwa wazi, nje kumepambazuka, mwenye bodaboda anawasubiri wateja wake chini ya mti.

Aliyetangulia kutoka alikuwa mzee Ernesti, anayekaa karibu na mlango siku zote ili awahi chai. Alifika kizingitini. Akainua mguu. Akaushusha.

Waliomfuata wakajazana nyuma yake, wakimwomba asogee, na mzee akawageukia taratibu, uso umejaa aibu ya mtu mzima asiyejua amekosea nini.

"Samahanini," akasema. "Mlango umefungwa."