Kabla Mikono Haijaingia Chini ya Kikoi

Asubuhi ya mbio, Syafrial alimwogesha fahali wake kijitoni kabla hajaoga mwenyewe. Alimsugua mgongo. Alimsugua kwato. Kisha akampaka mafuta ya nazi kwenye pembe mpaka zikang'aa. Fahali huyo aliitwa Kilek, maana yake radi.

Mkewe, Yusniar, alisimama ukingoni na bakuli la mayai mabichi na asali.

"Mimi mkeo sijapata kupakwa mafuta namna hiyo," alisema.

"Wewe hukimbii."

"Nitakimbia siku moja, utanitafuta."

Kilek alikunywa mayai yote, akalamba na bakuli. Kwa mbali vyombo vya muziki vya shaba vilikuwa vimeanza kulia kwenye majaruba. Mpunga ulikuwa umevunwa, maji yamefunguliwa, tope limelainika. Leo watu wa bonde zima wangekusanyika, na leo Kilek angeuzwa.

Angeuzwa kwa sababu ya paa. Nyumba kubwa ya ukoo wa Yusniar ilivuja. Mvua ikinyesha, masufuria yote yalihama jikoni yakaenda kukaa sebuleni kama wageni. Syafrial alikuwa ameahidi kununua bati. Tena aliahidi mbele ya Mjomba Datuk, kaka wa marehemu mama yake Yusniar, ambaye ndiye mkuu wa nyumba.

Ahadi ya mkwe si kitu cha kuchezea. Kwetu mume ndiye anayehamia kwa mke, na wazee humwita majivu juu ya kisiki. Upepo ukivuma kidogo, hayupo. Syafrial alikuwa amechoka kuwa majivu.

Kilikuwapo kikwazo kimoja tu. Jicho la kushoto la Kilek halikuona. Kwa nje lilikuwa zuri, limetulia, linang'aa. Ndani mlikuwa giza. Ni Syafrial na Yusniar tu waliojua.

Mafahali hukimbia wawili wawili, kila jozi peke yake, na anayetafutwa si mwenye kasi tu. Anayetafutwa ni anayenyooka. Kilek akifungwa upande wa kushoto, jicho zima lilimwona mwenzake, naye alinyooka kama uzi. Akifungwa kulia, hakumwona mwenzake kabisa. Aliona watu pembeni, akawafuata. Walimjaribu kulia siku moja tu, shambani, bila watazamaji. Alimalizia mbio ndani ya banda la kuku.

Walipofika uwanjani, mnunuzi alikuwa ameshafika. Jina lake Bustami, mtu wa bonde la pili, mwenye tumbo la heri na sauti ya radi. Alikuwa amemwona Kilek akikimbia wiki iliyopita.

"Huyu ndiye," alisema akimpigapiga Kilek shingoni. "Mimi ninaye fahali wangu Gadang, yeye ni wa kushoto. Huyu nitamfunga kulia. Wanakimbia leo leo, watu wafe kwa wivu. Mkwe wangu Afrizal atawapanda."

Afrizal, kijana mwenye kifua kipana, aliinama kumsalimu Syafrial.

"Meno yako yako tayari?" Syafrial alimtania, kwa maana mpandaji huuma mikia ya mafahali ili wakaze mwendo.

"Meno yako tayari, kaka. Mkia ndio sijui kama umeoshwa."

"Nimeuosha kwa sabuni."

"Basi leo nitakula vizuri." Afrizal alicheka, akaonyesha kwa kidole. "Mke wangu yule kule, upande wa kulia, chini ya mwavuli mwekundu. Anakaribia kujifungua. Nimemwambia abaki nyumbani, anasema mtoto naye anataka kuona."

Syafrial aliutazama mwavuli mwekundu.

Yusniar alimvuta pembeni. "Umesikia? Kulia."

"Nimesikia."

"Basi?"

Syafrial alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha kahawa, alikokaa Mjomba Datuk, akamweleza yote kwa kunong'ona. Labda alitaka kukatazwa. Hakukatazwa.

"Mnunuzi ana macho yake," Mjomba alisema. "Akague mwenyewe. Ndivyo tulivyouziana tangu enzi za mababu. Ukifungua mdomo, bati limekwenda."

Pembeni yao alikaa Mwalimu Marlis, jirani yao. Alikuwa amefundisha maadili chuoni mjini Padang miaka mingi, kisha akarudi kufuga bata. Ndiye mwanamke pekee aliyekaa kibandani pale bila kumwomba mtu radhi. Syafrial alisogea kwake na kahawa yake ya majani ya mbuni mkononi.

"Mwalimu, nina rafiki yangu mmoja. Ana mbuzi wa kuuza, na mbuzi ana kasoro..."

"Mbuzi huyo amepakwa mafuta ya nazi kwenye pembe?"

Yusniar, aliyekuwa nyuma yao, aliangua kicheko. Syafrial akakaa chini, akanong'ona kweli yote.

"Wote wanafanya hivyo, Mwalimu," alimalizia. "Hata Mjomba amesema."

"Mjomba amesema watu *wanafanya* nini. Wewe umeniuliza *inafaa* kufanya nini. Hayo ni mambo mawili. Watu wanatupa taka mtoni. Hiyo ni habari. Kwamba ni sawa kuzitupa, hiyo ni hukumu, na hukumu inataka sababu. Unayo?"

"Ninayo. Bati. Nyumba nzima haitalowa."

"Vizuri. Hapo umeanza kupima matokeo, nani atafaidika na nani ataumia. Ni njia nzuri ya kufikiri. Lakini ukishika mizani, usiweke watu wa nyumba yako tu. Mweke na Afrizal anayesimama nyuma ya fahali. Mweke na mama yule wa mwavuli. Mtoto wake naye mpe nafasi, maana inasemekana anataka kuona."

Syafrial alizungusha kifuu cha kahawa mikononi. "Huenda Kilek asipinde leo."

"Huenda," Mjomba Datuk alidakia.

"Huenda," Mwalimu alikubali. "Basi tuseme hapindi. Haumii mtu, wala hajui mtu mpaka siku ya kiyama. Sasa chukua desturi yako, uifanye ya watu wote. Kila muuzaji anaficha kasoro. Mjomba, wewe utaingiza mkono chini ya kikoi cha nani?"

Kwetu bei ya ng'ombe haitajwi. Muuzaji na mnunuzi hushikana mikono chini ya kikoi, vidole vikasema, na wengine wasijue. Mjomba aliijua desturi hiyo kuliko kiganja chake.

"Kikoi kinafunika bei," alisema polepole, "ili mtu asiaibishwe mbele za watu."

"Bei tu?"

"Bei tu. Hakikuwekwa kumfunika ng'ombe." Mjomba alionekana kama aliyejikwaa nyumbani kwake mwenyewe.

"Na Bustami ana akili zake," Mwalimu aliendelea. "Ukimficha jambo analohitaji ili aamue, hapo hamjauziana. Umemtumia, kama mwiko wa kukorogea. Watu si miiko. Huo ni wajibu wetu kwa kila mtu, hata mwenye tumbo."

"Kuna njia nyingine tena?" Yusniar aliuliza. Macho yake yalikuwa yanawaka.

"Ipo ya tatu, ila hiyo hainihitaji mimi. Tabia ni kama kidole gumba cha mpiga ngoma. Kinaota sugu pale kinapogonga kila siku. Anayeficha jicho la fahali leo, kesho anakuwa mtu gani?"

"Atanificha na mimi," Yusniar alisema.

"Nikufiche nini, na mifuko yangu unaifua wewe?"

Watu wa kibandani walicheka. Mwalimu alimwaga mashapo ya kahawa yake.

"Njia hizi tatu hugombana mara nyingi," alisema. "Chuoni tulizigombania mpaka chai ikapoa. Leo zimekubaliana. Siku zikikubaliana, mtu ashukuru, asiende kutafuta ya nne."

"Na bati nitapewa na nani?"

"Hilo sijui, mwanangu. Sikukwambia haki ni ya bei rahisi."

Nje, jozi ilipita kwa kishindo na tope likaruka mpaka kwenye ndizi za kukaanga. Watu walipiga mayowe. Bustami alisimama mlangoni, kikoi begani, uso umejaa furaha.

"Twende, Syafrial. Zamu ya Gadang inakaribia."

Walisimama kando ya Kilek. Watu wakawazunguka. Bustami alitandaza kikoi juu ya mikono yao miwili, kisha vidole vyake vikaanza kusema. Alishika kidole. Akashika kingine. Akashika tena.

Ilikuwa bei ya paa lote pamoja na jiko jipya. Ilibaki Syafrial abane tu vidole vya Bustami, basi. Vingebanwa gizani, chini ya kitambaa, asione mtu.

Juu ya bega la Bustami aliuona mwavuli mwekundu.

Akautoa mkono.

Kutoa mkono bila jibu ni tusi. Uso wa Bustami ulibadilika.

"Una nini wewe?"

"Nina neno kabla ya vidole," Syafrial alisema. "Kilek haoni jicho la kushoto. Akiwa kushoto ananyooka. Ukimfunga kulia, atakwenda walipo watu."

Bustami alipunga kiganja mbele ya jicho la kushoto. Kilek hakupepesa. Afrizal aligeuka akatazama upande wa kulia wa uwanja, alikokaa mkewe. Utani wote ulimtoka usoni.

"Ungenyamaza, saa hii ningekuwa nimeshakulipa," Bustami alisema.

"Najua. Vidole vyako nilivisikia. Vilikuwa vinene."

Mtu mmoja alicheka kwa nyuma, kisha wengine. Bustami hakucheka. "Unaniuzia wa kushoto, na mimi wangu ni wa kushoto. Niwapange kama ngazi?"

Alianza kukunja kikoi. Syafrial aliyaona mabati yakiondoka, moja baada ya jingine.

"Baba mkwe," Afrizal alisema. "Gadang tulimzoeza kushoto kwa kuwa tulianzia huko. Macho yake yote yanaona. Tumewahi kumjaribu kulia?"

Bustami aliacha kukunja. "Hatujawahi."

"Tumjaribu sasa. Ninayepanda ni mimi. Kwa mtu aliyeniambia kweli, napanda."

Wakafungwa, Kilek kushoto, Gadang kulia. Afrizal alikanyaga mbao zilizofungwa nyuma ya mafahali, akashika mikia miwili. Vyombo vya shaba vililia kwa kasi. Yusniar alimshika mumewe mkono mpaka kucha zikazama. Afrizal aliuma mkia wa kwanza, akauma wa pili, na mafahali wakafyatuka.

Tope lilipanda kama ukuta. Gadang aliyumba kidogo, akajigonga ubavuni mwa Kilek. Kilek alimwona kwa jicho lake zima, akamsubiri nusu hatua, na kutoka hapo wakaenda bega kwa bega, wamenyooka, wanapita mbele ya mwavuli mwekundu, wanapita vibanda, mpaka mwisho wa maji. Uwanja ulilipuka. Afrizal aliibuka mweusi mwili mzima, anatema manyoya ya mkia.

"Umeuosha kweli," alimpigia Syafrial kelele.

Bustami alikuja na kikoi. Safari hii vidole vilikuwa vichache. "Jicho moja lina punguzo lake," alisema. Syafrial alibana vidole vyake, wakamaliza.

Fedha zilitosha bati la nusu ya mbele. Nusu ya nyuma iliendelea kuvuja, na ndiko alikolala Mjomba Datuk.

"Ungemkosa kabisa mnunuzi, ungejuta?" Mwalimu Marlis alimuuliza Syafrial siku moja.

Syafrial alifikiri. "Ningelia. Kujuta, hapana."

"Umefaulu mtihani. Njoo uchukue bata."

Mjomba alinung'unika msimu mzima wa mvua. Lakini alipokwenda kuuza ng'ombe wake mwenyewe, alishika mkono wa mnunuzi kabla haujaingia chini ya kikoi. "Ngoja. Kwanza neno. Huyu hupiga teke akikamuliwa." Wengine walimcheka. Kisha wanunuzi wakaanza kuwauliza na wauzaji wengine, "Neno lako ni lipi?" Asiyekuwa na neno alirudi na ng'ombe wake nyumbani. Siku hizi, mnadani kwetu, neno hutangulia vidole.

Jioni moja ya mvua, mgeni mwenye ndama alibisha hodi. Alitaka ushauri.

"Hapa ndipo nyumbani kwa Syafrial, yule aliyesema kweli?"

Mjomba Datuk alinyanyua kichwa katikati ya masufuria yake.

"Nyumba ni ya mpwa wangu," alisema kwa ukali. "Syafrial ni majivu tu." Akasogeza sufuria moja ili mgeni apate njia. "Lakini pita ndani. Majivu yenyewe hayapeperuki."